Kifua Changu na Rangi ya Magari

Ndugu zangu, naitwa Amina, mtoto wa Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kabla sijaugua nilikuwa mzima kabisa. Nilikwenda mji wa Arua kusomea ufundi wa kunyoosha bodi za magari yaliyogongwa, nikakaa mtaa wa Mvara kwa shangazi yangu. Katika kazi zote nilipenda zaidi kupiga rangi. Mlango uliokunjamana ukitoka mikononi mwako unang'aa, unatamani kumwita kila mtu aje kuuona.

Mwaka wa pili nikaanza kukohoa jioni. Kifua kikapiga filimbi. Nikilala chali pumzi haiji, kwa hiyo nililala nimeketi, shangazi akinisugua mgongo. Nilipimwa kifua kikuu, hakikuonekana. Likizo nikaenda Koboko, nikalala fofofo. Nikadhani nimepona.

Nikarudi chuoni. Siku hiyo tulikuwa tunapiga rangi mlango wa pikapu, nami nimevaa barakoa ya kitambaa. Ghafla kifua kikabana. Hewa iliingia kidogo, halafu ikakataa kutoka. Jasho likanitiririka, kucha zikawa za buluu. Candia, kijana niliyesoma naye, alinibeba mpaka barabarani. Tukapanda boda, mimi katikati. Njia nzima alinipigia kelele sikioni: "Amina, vuta! Usilale! Vuta!"

Hospitalini walinivalisha barakoa yenye mvuke wa dawa. Pumzi ya kwanza ilipopita vizuri, nililia. Daktari, mama mpole, alimsikiliza Candia akieleza kazi yetu, kisha akaniuliza, "Ukiwa nyumbani kwenu unapumua vizuri?"

"Vizuri sana."

"Basi hii ni pumu, binti yangu, na inaletwa na rangi. Usiipulize tena. Inaweza kukuua."

Baba alifika asubuhi. Ni mwanajeshi mstaafu, maneno yake machache, Kiswahili chake cha kambini. Alinishika miguu kwanza, akaipapasa kama ya mtoto mchanga.

"Twende nyumbani. Mimi nataka mtoto. Fundi iko mingi."

"Baba, nataka kumaliza."

Candia, aliyekuwa bado kando ya kitanda, akaingilia. "Mzee, yeye atanyoosha, mimi nitapiga rangi. Hatakuja karibu kabisa."

Baba alimtazama weee. Kisha akasema, "Jina yako nani?" Nikajua amekubali.

Mwalimu wetu naye akakubali. Nilifanya kazi nje na nyundo yangu, chini ya turubai. Candia akimaliza kupuliza, alivua ovaroli na kunawa mpaka shingoni kabla ya kunisogelea. Dawa ya pumu nilivuta asubuhi na jioni, sikuruka. Polepole nikaweza kulala chali.

Nilihitimu. Leo nanyoosha magari Koboko, mahali pa wazi, na rangi inapigwa kwingine. Namshukuru Mungu, na hao wote walionishika. Wewe unayenisikia, kifua kikibana kazini na kufunguka nyumbani, usisubiri. Mwambie daktari kazi unayofanya. Na usifikiri ufundi wako umekwisha.

Juzi baba alinisimulia vituko vyake vya jeshini. Nikacheka mpaka nikashika tumbo, na pumzi haikukatika.