Nafasi ya Mzee Penseli

Maktaba ya chuo kikuu ilikuwa na ghorofa tatu ambazo wageni walionyeshwa, na moja ya chini ya ardhi ambayo hawakuonyeshwa. Huko chini ndiko alikofanya kazi Mama Kimya kwa miaka ishirini na sita. Jina walimpa wanafunzi, kwa sababu ya kile kidole alichokuwa akikiweka mdomoni, hata anapopiga chafya mwenyewe. Madirisha yalikuwa juu karibu na dari, na miguu tu ya wapita njia ndiyo ilionekana, kwa hiyo maprofesa wote aliwajua kwa viatu.

Bajeti ilipoanza kukatwa, yalitangulia majarida. Zikafuata taa, ikawa inawashwa moja kati ya tatu. Kisha Mzee Penseli, mpanga vitabu mwenzake, akafariki, na nafasi yake haikujazwa. Barua ilisema nafasi hiyo "imegandishwa", utadhani ni samaki.

Wale wawili walifanya kazi pamoja miaka kumi na tisa na kukosana mara moja tu, kwa sababu ya dirisha. Hakukuwa na jingine kati yao, wenye midomo wasihangaike. Ila kwenye mikutano ya wafanyakazi, viti vikishajaa na Mama Kimya amechelewa kama kawaida yake, alikuwa akikuta kiti kimoja kitupu chenye penseli juu yake. Mzee alikuwa akisema bila kugeuka, "Nimekushikia nafasi."

Sasa mhasibu mkuu alikuwa ameshuka ngazi, mara ya kwanza tangu aajiriwe.

"Mama, huku chini panakula umeme bure," alisema. "Nijazie fomu muhula huu. Vikitumika vitabu chini ya arobaini kwa siku, tunafunga. Vitabu tutauza kwa kilo."

Kwa kilo! Mama Kimya alivijua vile vitabu mpaka vilivyochanika, na nani alivichana.

Kuhesabu kulikuwa rahisi. Ukutani palibandikwa tangazo: "Usirudishe kitabu rafuni. Kiache mezani." Kilichokutwa mezani kilihesabiwa kuwa kimetumika. Fomu ilikuwa na safu mbili, vilivyotumika mhudumu akiwepo na vilivyotumika asipokuwepo, maana mhudumu naye hula. Kila jioni Mama Kimya alihesabu, akarudisha vitabu rafuni, akafuta meza, akafunga mlango. Siku ya kwanza vilikuwa saba. Ya pili vinne, na kimojawapo kilikuwa kimetumika kushikiza dirisha.

Asubuhi ya siku ya nne alifungua mlango akakuta mezani vitabu arobaini na moja.

Ufunguo ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa umelala chini ya mto wake. Alisogea polepole. Kila kitabu kililazwa kifudifudi, mgongo upande wa kushoto. Viti vyote vilikuwa vimegeuzwa kidogo, vikiutazama mlango. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akiacha meza hivyo, na Mama Kimya alimzika mwenyewe, tena mvua ikinyesha.

"Nani yupo?" aliuliza. Hata hapo alinong'ona.

Nyuma ya rafu ya mwisho ukurasa uligeuzwa. Mmoja tu. Mama Kimya alikaa sakafuni, na hakuinuka mpaka wanafunzi walipoanza kugonga.

Jioni alimweleza binti yake, ambaye kwa kawaida alimtania kwamba ameolewa na ile ghorofa. Siku hiyo hakutania.

"Mama, usivihesabu hivyo."

"Vimetumika. Fomu haiulizi vimetumiwa na nani."

"Basi umeviandika safu ya kwanza?"

"Ya pili. Nilikuwa hapa nimelala, sasa niandikeje kwamba nilikuwepo?"

Binti akaenda kuosha vyombo.

Ikawa hivyo muhula mzima. Mama Kimya alikuwa akifungua mlango, anasema "habari za asubuhi", nywele zinamsimama, halafu anahesabu. Woga haukumtoka hata siku moja. Lakini siku za Jumapili, akiwa nyumbani, alijikuta anaitamani Jumatatu, na hilo ndilo lilimtisha zaidi.

Barua ilikuja wiki ya mwisho. Ghorofa ya chini haitafungwa, matumizi yake yameridhisha sana. Alibusu karatasi kabla hajafika aya ya pili. Aya ya pili ilisema takwimu za mhudumu mwenyewe zinaonyesha kwamba vitabu tisa kati ya kumi hutumika yeye asipokuwepo. Kwa hiyo, kuanzia mwezi ujao, nafasi ya mhudumu imefutwa.

Mwezi ulipoanza alishuka asubuhi kurudisha ufunguo. Meza zote zilikuwa wazi. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile hapakuwa na kitabu hata kimoja, na moyo ulimuuma kuona hata Mzee amemwacha.

Halafu akaviona viti viwili mwisho wa chumba, vimegeuzwa kidogo. Juu ya kimoja palikuwa na penseli iliyochongwa punde, na maganda yake bado sakafuni.

Mama Kimya alilia, taratibu, kidole mdomoni. Kisha alitoa vitabu viwili rafuni, akakilaza kimoja mbele ya kiti cha pili, mgongo kushoto. Aliiokota penseli, akaketi. Kiti kilikuwa na joto. Miaka ishirini na sita alikuwa amepanga vitabu vya watu; sasa akafungua cha kwake na kuanza kusoma. Pembeni yake ukurasa uligeuzwa, na safari hii hakushtuka.

Mchana mhasibu alipoteremka, alikuta mlango wazi, viti viwili vitupu mbele ya vitabu viwili, ufunguo mezani, na chini yake fomu ya siku hiyo, imejazwa kwa penseli, kwa ule mwandiko safi aliouzoea. Mhudumu akiwepo: hakuna. Mhudumu asipokuwepo: viwili.