Kichupa cha Dirishani

Binti yangu akipaka rangi kucha barazani kwetu hapa Muyinga, ile harufu tamu inayochoma pua hunirudisha darasani Gitega, na shingo yangu inanyooka yenyewe kana kwamba kuna mtu anataka kunitoa kwenye dawati. Wacha niwasimulie, maana hasira zenyewe hazijaniisha.

Tulikuwa tumerudi kwetu kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, tukakaa kwenye shamba la babu kule Makebuko. Nilijua Kiswahili cha Kigoma, Kirundi cha kuungaunga, na Kifaransa cha salamu. Mwalimu wa kemia akiuliza swali kwa Kifaransa, nililitafsiri kwanza kichwani, nikatafuta jibu, nikalitafsiri na hilo jibu. Nikija kuinua mkono, ubao umeshafutwa. Akasema mimi ni mzito, atanirudisha shule ya msingi. Asubuhi iliyofuata mama alinipaka mafuta usoni akaniambia, "Nenda. Na usilie mbele yake, umenisikia?"

Mwalimu alileta vichupa viwili vya dawa ya sindano. Katika kila kimoja alichanganya siki kali na spiriti, akadondosha asidi kidogo, akaziba. Vitu hivyo vikikaa pamoja hutoa kitu kingine, chenye harufu ya rangi ya kucha. Akaandika K kubwa ubaoni: namba inayosema mmenyuko utafika wapi. Kwa huu, alisema, joto linaongeza mbio tu, mwisho haugeuki. Kichupa kimoja akakitia kwenye maji ya moto, na alipokifungua kabla ya kengele, darasa zima lilinukia. Cha pili kilikuwa kimekaa tu dirishani. Akakinusa, akakunja uso.

"Hii iko zembe," akasema kwa Kiswahili, ili mimi niwe wa kwanza kuelewa. "Kama hawa wa Tanzania." Akakinyanyua akimwage.

Wakacheka wote. Jamani, sijui nilisimamaje. "Mwalimu, usimwage! Umesema mwenyewe mwisho haugeuki. Hicho nacho kitafika palepale."

"Ah bon, kweli? Tutaiacha mpaka mwisho wa muhula. Isipofika, we unashuka shule ya msingi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," nikasema.

Akaviziba vyote viwili, akaviweka dirishani. Kuanzia hapo sikupumua. Wenzangu wakawa wananiuliza, "Mtanzania, yai lako limeanguliwa?" Nikawajibu, "Njoo ulilalie wewe!" Lakini kila nikipita nilikichungulia, na ndani yalikuwa majimaji yaleyale, hayaoneshi dalili yoyote. Ruhusa ya kukifungua sikuwa nayo.

Siku ya mwisho mwalimu alimwaga kila kichupa kwenye bakuli lake la maji ya magadi, ili ukali wa siki ufe, ibaki ile harufu ya rangi ya kucha. Mabakuli yote yakatoa povu, yote yakanukia. Akanusa la kwanza, akanusa la pili, akarudia. Akamwita yule aliyekuwa akinicheka kuliko wote, akamfunga macho na kumnusisha. Yule akashindwa kusema lipi ni lipi.

"Bon. Ubaki," mwalimu akasema. Pole hakunipa, na mimi sikuiomba.

Ila lile povu liliniuma. Povu maana yake siki bado imo. Nikamuuliza kama kichupa changu kimeshindwa kumaliza.

"Hata ile ya moto haikumaliza," akasema. "Haimalizi kamwe. Ingine inaenda, ingine inarudi, ni hivyo tu."

Nilifika nyumbani mshindi aliyenuna. Nilitaka siki igeuke yote, kama nilivyotaka mimi mwenyewe nigeuke wote, Kiswahili kiniishe mdomoni wasinicheke tena.

Imenichukua miaka kuacha kulionea aibu povu lile. Mpaka leo, hapa sokoni Muyinga, mtu akisikia lafudhi yangu huniuliza nitarudi lini kwetu.

"Nilisharudi, kaka," namwambia. "Na Kigoma haijanitoka, wala siitoi."