Vijiko vya Asali

Bendi yetu ya jazi ilikuwa kubwa kwelikweli: tarumbeta, tromboni, safu nzima ya saksafoni, na besi iliyochukua nafasi ya watu wawili garini. Jeshi liliposhika nchi na barabara za Kampala zikaanza kutisha usiku, wengi walidhani dansi imekufa. Wapi! Tuliihamishia mchana. Bugi letu la Jumamosi pale Kansanga, yaani hiyo dansi ya mchana, lilianza watu wakiwa hawajateremsha hata chakula cha mchana, na kabla ya giza kila mtu alikuwa kwake, hoi, anatabasamu.

Kilichotutesa ni ndimi. Saksafoni hailii bila kipande chembamba cha tete kinachofungwa mdomoni mwake. Sisi tulikiita ulimi, nacho huchakaa. Zamani tulinunua ndimi kwa mzee mmoja wa Kihindi mjini, mwenye subira ya ajabu, aliyekuacha uzijaribu humo humo dukani hadi wateja wengine wakimbie. Wahindi walipofukuzwa, mzee aliondoka na sanduku lake, duka akapewa sajini kutoka kaskazini. Nilimpenda yule mzee, na sikupata hata nafasi ya kumuaga.

Tukabaki kukwangua ndimi kuukuu kwa wembe. Wangu ulikuwa na ufa. Ulimi wa jirani yangu kwenye benchi, mpiga saksafoni ile nene ya sauti ya chini, ulivunjika kabisa. Kiongozi hakutaka safu ionekane na pengo, basi jamaa akawa anakaa na dude lake, anavimbisha mashavu na kuchezesha vidole, sauti hata chembe. Wasichana walimshangilia kuliko mimi. Iliniudhi sana.

Kiongozi wetu, aliyekuwa akifundisha chuoni Kyambogo, mwishowe alichoka.

"Bassebo, mabwana, Jumamosi kama saksafoni inalia tena kama bata, natoa safu yote. Naleta gitaa ya Wakongo, basi!"

Hakuwa na utani. Bendi nyingi zilikwisha kwenda njia hiyo. Mimi bila saksafoni ningerudi kuuza mkaa Kawempe, jambo ambalo mke wangu alishaanza kulitaja kwa furaha.

Nikajikaza, nikaenda dukani kwa sajini, nikitumaini mzee aliacha ndimi zozote. Siku hizo aliuza sabuni na asali ya kwao.

"Karibu, ndugu. Onja asali, iko tamu sana."

Alichovya kijiti kwenye debe, akanitia mdomoni. Midomo yangu ilikitambua kabla ya macho. Ulimi wa saksafoni! Mezani palikuwa na glasi iliyojaa ndimi, na nyuma yake boksi zima.

Sasa, nani angemwambia mwanajeshi kwamba amekosea? Watu walipotea kwa maneno madogo kuliko hayo. Nikameza asali.

"Tamu, afande. Nipe chupa. Na hivi vijiko pia naomba, nyumbani watoto wako wengi."

"Wengi namna gani?"

"Wengi, afande."

Alinitazama kwa huruma, akanipa boksi lote.

Jumamosi safu yetu ililia hadi watu wakasahau viti vyao. Nilikuwa na raha, jamani! Katikati ya wimbo sajini akaingia, kavaa magwanda, mkewe nyuma yake. Wachezaji wakampisha. Alikuja moja kwa moja kwenye benchi, akainama, akachungulia mdomo wa saksafoni yangu. Bendi ikanyamaza kipande kwa kipande.

"Hiyo ni kijiko yangu."

Nikaishusha saksafoni. "Ndiyo, afande."

"Na ya hawa?"

"Yote, afande."

Akatukodolea macho, mmoja baada ya mwingine. Kisha akaangua kicheko hadi kofia ikaanguka.

"Na mimi nalambisha watu asali!"

Ukumbi mzima ukacheka, kwa woga kwanza, kisha kwa kweli. Yeye alikuwa amemgeukia jirani yangu.

"Wewe sasa. Wenzako mashavu iko sawa, yako inavimba, na sauti hakuna. Mbona?"

Miezi yote ile hakuna mtazamaji aliyegundua ila yeye. Jirani akatazama chini.

"Yangu inataka ile kubwa, afande. Ilivunjika, na kwenye boksi haikuwemo."

Sajini akamtazama mkewe, mkewe akashika mdomo.

"Ile kubwa iko nyumbani," mke alisema. "Mimi napaka nayo siagi."

Kiongozi hakutaja tena gitaa. Jumamosi iliyofuata jirani yangu alivuta pumzi, akapuliza, na sauti nzito ikatetemesha benchi hadi kwenye mapaja yangu. Ilinukia siagi. Machozi yalimtiririka bila aibu, na mashavu yake hayakuvimba hata kidogo.