Sikukuu ya Mapinduzi

Ilikuwa Januari ya mwaka tisini na tano. Redio ya mnyapara ilipotamka "mapinduzi", Spesioza alizitupa singa za mkonge alizokuwa akianika, akakimbilia nyumbani kufungasha. Jirani yake Lukia, Mpare wa hapo Same, akamkuta mlangoni amejitwisha furushi.

"Mama, wapi tena? Kesho Sikukuu ya Mapinduzi, tunapumzika!"

"Mapinduzi kwenu ni sikukuu?"

Lukia alicheka mpaka akashika mbavu. Spesioza hakucheka. Kwao Burundi alipiga kura mara moja tu, kavaa kitenge cha harusi. Hata mahindi ya msimu uliofuata hayajatoa mbelewele, wanajeshi wakamuua rais waliyemchagua.

Akatua furushi, akakitoa kile kitenge, akakinyoosha magotini.

"Oktoba mkipiga kura zenu za vyama vingi, uniite. Nitakivaa, nije nitazame tu."