Nangoja Mtu

Mimi hutengeneza friji za chanjo. Kazi hiyo hunipeleka Turkana mara nne au tano kwa mwaka, peke yangu, na kisanduku cha vifaa na tumbo lisilokubali kuambiwa subiri. Nimelala kwenye vyumba ambavyo feni iligoma kabla yangu, nimekula vumbi kutoka Kainuk hadi Lowarengak, na sijalalamika. Kinachonikera ni swali moja, ambalo hoteli za Lodwar hunipokea nalo kabla sijaketi.

"Ejok, madam, karibu. Wengine wako wapi?"

Wengine! Kana kwamba nimewasahau kwenye buti ya gari. Mwanamume akiingia peke yake huitwa mteja na huletewa maji ya kunawa. Mwanamke wa miaka arobaini na saba akiingia peke yake ni kesi. Mhudumu humtazama yeye, hutazama mlango, kisha humtazama tena. Nikimwambia niko peke yangu, sauti yake hushuka: "Pole." Pole ya nini? Nimekuja kula samaki wa Kalokol, sikuja matanga.

Na hiyo pole ni afadhali. Kiti kitupu mbele ya mwanamke hakikawii kupata mtu. Kuna bwana mmoja wa miradi, mwenye kizibao cha mifuko mingi isiyo na kitu, aliyekivuta bila kuuliza akaanza kunifundisha habari za ukame. Alimega nyama yangu vipande vitatu huku akinieleza kwamba wafugaji hawana desturi ya kuweka akiba. Siku nyingine akaja mhubiri, akafumba macho aniombee mume kabla ugali haujafika. Alipoyafumbua, ugali ulikuwa umefika na kupoa, na mume bado.

Ndipo nikagundua dawa. Maneno mawili tu: "Nangoja mtu." Mhudumu anatulia, kiti kinaheshimiwa, hata wahubiri wanapita mbali. Nikawa naweka miwani yangu ya jua upande wa pili wa meza kama ushahidi, naupa mlango mgongo ili macho yangu yasikutane na ya mtu, nakula kwa raha zangu. Miaka miwili nilimngoja mtu ambaye hakuzaliwa, naye alikuwa mwenzi mwema kuliko wote niliowahi kula nao, kwa kuwa hakumega chochote na hakuwa na maoni kuhusu akiba.

Lakini nisijipambe. Yule wa mifuko mingi sikumwogopa. Nilichokiogopa ni ile pole. Niliachika zamani, watoto wamekuwa watu wazima, na nilikuwa nimeapa kwamba hakuna atakayenionea huruma mbele ya sahani yangu. Afadhali niseme uongo.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia Kakuma.

Nilikuwa nimetoka kwenye zahanati ndani ya kambi ya wakimbizi, friji imekubali kupoza, njaa inaniuma. Nikaingia hoteli ya mabati yenye meza tatu. Mwenyewe alikuwa mama wa Bukavu, amekaa na mwiko wake kwenye kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja ulifungwa kwa waya. Nikachagua meza, nikaupa mlango mgongo, nikaweka miwani mahali pake.

"Karibu, dada. Uko na nani?"

"Nangoja mtu."

Lodwar maneno yangeishia hapo. Huyu aliuweka mwiko chini. "Unamungoja tangu lini?"

Swali gani hilo? Nilikuwa nimefika saa sita, na sikuwa na nguvu ya kuongeza hata neno moja.

"Tangu sita," nikasema.

"Sita! Miaka sita! Yesu wangu!"

Mimi mjuaji, niliyekuwa nimewacheka watu kaunti nzima, sikujua kwamba Lodwar mtu hungojwa kwa dakika na Kakuma hungojwa kwa miaka. Kabla sijameza mate alikuwa ameshawapa habari wanawake wawili wa meza ya pili, kisha akaja akaushika mkono wangu.

"Na miye nangoja mutoto yangu mwanamuke," akasema. "Tulipotezana kwa njia, batu balikuwa banakimbia. Sasa ni mwaka ya nane."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mdomo nilikuwa nao, Kiswahili nilikuwa nacho. Lakini utamwambiaje mwanamke wa namna hiyo kwamba wewe ulimaanisha saa sita mchana, na kwamba huyo mtu ni miwani? Niliona haya.

Akaleta bugali na sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga, sahani mbili. Moja akaniwekea mimi, ya pili akaifunika na kuiweka mbele ya kiti kitupu. Akasimama kidogo akinitazama. Kisha akawaita wale wanawake, wakaizunguka meza.

"Ni bwana?" akauliza.

"Ndiyo," nikasema, kwa maana mwongo akishateleza hana pa kushika.

Basi aliyekuwa mume wangu, ambaye yuko Eldoret, mzima wa afya, na mke mwingine na kitambi, aliombewa siku hiyo Kakuma avuke mito na vizuizi arudi kwangu salama. Waliomba kwa machozi. Nami niliitikia amina kwa haraka, huku moyoni nikimsihi Mungu asiwasikilize.

Miezi mitatu baadaye friji ile ile ikagoma. Kufika saa ya chakula nikazunguka nyuma, nikielekea hoteli ya Wahabeshi upande wa pili, nikinyata kama mwizi wa kuku, lakini mama yule alikuwa kwenye kiti chake, na kutoka kwenye kiti kile njia yote huonekana.

"Dada wa sita!"

Nikaingia. Sikukaa. "Mama, nilikudanganya," nikasema. "Sikuwa nangoja mtu. Nilisema saa sita, saa sita ya mchana. Naona aibu."

Akaifunika sufuria taratibu. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Ile wakati nilileta sahani. Mutu anayengoja anaangaliaka mulango. Weye uliupa mugongo, na hata haukugeuka mara moja."

Mtu mzima nilikuwa nimesomwa kutoka kisogoni.

"Sasa mbona uliniombea?"

"Nani alikuombea weye?" Akacheka kidogo. "Niliombea mutoto yangu. Nilitaka batu ba kusema amina. Weye ulisema kwa nguvu sana." Akauchukua mwiko. "Leo uko na nani?"

"Niko peke yangu."

Nikaisubiri ile pole. Haikuja. Alipakua sahani moja, akaipitisha mahali nilipokaa mara ya kwanza, akaiweka upande wa pili wa meza, mbele ya kiti kinachotazama njia.

"Kaa pale," akasema. "Unisaidie kuangalia. Mutoto yangu iko na kovu hapa." Akagusa nyusi yake ya kushoto.