Sanda ya Jabu

Temeke ya siku hizo haikuwa mji. Ilikuwa mikorosho, mashamba ya muhogo, nyumba za makuti hapa na pale, na njia ya mchanga ya kwendea mjini kupitia Chang'ombe. Hapo ndipo alipokaa Somoe binti Mfaume, msuka mikeka, mwanamke mwenye ulimi kama upupu. Watu walisema hana moyo. Waache waseme. Moyo alikuwa nao, ila waliouchezea ni wenzake.

Mwaka ule wa njaa vita vya pili vya Mjerumani vilikuwa bado vimechacha. Mumewe Hija alikuwa kachukuliwa keya, kavalishwa kofia ya jeshi, kapelekwa ng'ambo kupigana na watu asiowajua. Nyumbani alibaki Somoe na mtoto mmoja tu, Mwajabu, wakimwita Jabu. Miaka sita, meno ya mbele hana, maneno mengi kuliko kasuku. Mahindi yalikuwa kwa foleni, mchele kwa bahati. Watu wakala muhogo asubuhi, muhogo jioni, na wakashukuru.

Sasa muhogo mchungu kila mtoto wa Kizaramo anaujua. Unamenywa, unalowekwa siku tatu nne mpaka ulainike na kunuka, unaanikwa ukauke kabisa, ndipo unatwangwa. Ukifanya haraka unaua. Hilo halina shule. Na aliyelijua kuliko wote ni Kondo mwenye duka, maana mama yake aliuza makopa ya muhogo mkavu maisha yake yote, kamlea kwa makopa hayohayo. Kondo huyo alikuwa na paa la bati, alikuwa na mizani ya pekee mtaani, na msikitini alikaa safu ya mbele, kanzu nyeupe pe. Lakini watu walipopanga mstari mlangoni kwake na unga hakuna, Kondo hakuweza kuziangalia pesa zikirudi makwao. Akamenya muhogo mchungu, akaukata vipande, akauanika juu ya bati siku mbili, akatwanga, akauchanganya na unga mzuri uliobaki. Hakuuloweka hata saa moja.

Somoe alinunua Jumamosi mchana. Akasonga ugali, akachemsha kisamvu. Jabu akamega tonge la kwanza, akakunja uso.

"Mama, unauma."

"Kula, usinichoshe. Wenzio hata huo hawana."

"Unauma ulimi."

"Mezea na kisamvu. Mtoto gani wewe, unajifanya binti wa Liwali!"

Jabu akacheka na mapengo yake, akala. Somoe yeye alimega matonge mawili tu, kilichobaki akakisogeza upande wa mtoto, maana mama hushiba kwa kutazama. Ndivyo tunavyodanganyana sie wanawake. Kabla ya magharibi Somoe alikuwa anatapika. Jabu hakutapika sana. Alisema kichwa kinazunguka, akasema haoni vizuri, akaanza kuhema kama aliyetoka kukimbia. Jumapili jua lilipochomoza, Jabu hayupo tena duniani.

Jirani yake Mwamvita alikuja mbio kusaidia. Akamkuta Somoe kasimama uani, anamtazama kuku. Kuku alikuwa wa Mwamvita. Alikuwa kadonoa makombo ya ugali jana yake, sasa kalala miguu juu.

"Somoe," Mwamvita akasema kwa sauti ya chini, "ule unga uliutoa wapi?"

Somoe aliingia ndani, akachukua unga uliobaki, akaufunga kwenye pindo la kanga kuukuu, akauchomeka kwenye makuti ya dari. Ndipo akakaa chini akalia. Kwa hiyo msije mkaambiwa kwamba hakujua. Alijua tangu asubuhi ile.

Waoshaji wakaja. Mkeka upo, Somoe kausuka kwa mkono wake. Sanda hakuna. Mwaka ule nguo zilikuwa kwa kibali cha serikali, watu wengine walivaa magunia wakajifanya hawawashwi. Ofisi ya vibali Jumapili imefungwa, na maiti ya mtoto haingoji Jumatatu kwenye joto lile.

"Mzike kwa kanga zako," Mwamvita akamwambia. "Inafaa. Mungu hatazami nguo, mwenzangu."

Kanga za Somoe zilikuwa mbili. Moja kaivaa, nyingine ina viraka vitano na pindo lake lina unga. Akasema, "Mwanangu hazikwi kwa viraka. Si mtoto wa kuokotwa."

Kiburi hicho! Ndicho kilichommaliza, wala si unga peke yake.

Maana hapohapo Kondo akatokea mlangoni na wanaume watatu, kashika bafta nyeupe yadi nne, imekunjwa vizuri. Yeye alikuwa nayo, watu wa aina yake hawakosi. Akainamisha kichwa.

"Somoe, msiba huu ni wetu sote. Pokea, tumsitiri mtoto."

Mwamvita akamtazama Somoe, akatingisha kichwa kidogo, asimwonyeshe mtu. Ndani Jabu kalala kifua wazi na inzi wameanza kuja. Somoe akanyoosha mkono wa kulia.

"Tumepokea," akasema.

Kondo akaenda mazikoni, akashuka kaburini mwenyewe, akampokea mtoto kwa mikono ileile iliyotwanga.

Matanga yalipoanuliwa, Somoe alijifunga kanga, akatoa unga darini, akaenda mjini kwa miguu. Polisi wakamsikiliza nusu. Askari mmoja akamwambia, "Bibi, yule alikusudia kumuua mwanao?" Akasema hajui moyoni mwa mtu. "Basi nenda."

Akaenda ofisi ya Bwana Afya. Hapo alikuwepo karani mmoja wa Bukoba, kijana mrefu, Theonest, suruali imepigwa pasi kama karatasi. Huyo angalau alimpa kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sikuja kwa shikamoo. Huu ni unga uliomuua mwanangu."

Theonest akaupokea kwa karatasi, akaandika jina la mtoto, akaandika la muuzaji. Unga ukapelekwa kwa Wazungu wanaopima. Baada ya majuma matatu karatasi ikarudi, ina muhuri: unga una sumu ya muhogo. Duka la Kondo likafungwa wiki mbili, unga ukachomwa moto, naye akatozwa faini ya serikali. Ijumaa ya tatu yuko mezani kwake anapima sukari.

"Ndiyo basi?" Somoe akauliza.

Theonest akafikicha macho. "Mama, sisi tumemshitaki kwa unga mbaya. Mbele ya sheria yetu ni kama kauza samaki waliooza. Jina la mwanao halikutajwa. Ukitaka litajwe, ukafungue madai wewe mwenyewe kwa Liwali. Karatasi hii nitakupa nakala."

Na kutajwa ndicho alichokitaka. Kondo alikuwa keshaanza kusema mtaani, polepole, kama mtu anayeona huruma: masikini Somoe, njaa mbaya, aling'oa muhogo wa watu shambani akampikia mtoto bila kuuloweka, sasa anatafuta wa kumtwisha. Wanawake waliokula naye msibani wakaanza kuhamisha vikapu vyao akipita. Mwizi na muuaji wa mwanawe! Somoe hakutaka fidia wala ng'ombe. Alitaka Liwali aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu wa Temeke, kwamba Jabu aliuawa na unga wa Kondo.

Siku ya baraza watu walijaa. Liwali kakaa na wazee wake wawili. Karatasi ya Bwana Afya ikasomwa, watu wakaguna. Mwamvita akatoa ushahidi wa kuku. Kondo akaulizwa kama unga ni wake, akasema ni wake. Somoe akaona mambo yananyooka. Ndipo mzee mmoja wa baraza, ndevu nyekundu kwa hina, akakohoa.

"Bibi, mtoto alizikwa kwa sanda ya nani?"

"Ya Kondo."

"Nani aliipokea?"

"Mie."

"Kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Siku hiyo ulikuwa unamdhania nani kwa kifo hiki?"

Somoe angeweza kusema uongo. Mwamvita alimvuta kanga kwa nyuma. Akasema, "Yeye."

"Ukasema nini ulipopokea?"

"Nilisema tumepokea."

Mzee akaegemea nyuma kama aliyemaliza kula. Liwali akasema, "Mila iko wazi. Ukipokea sanda kwa unayemjua kuwa mkosaji wako, msamaha umo ndani ya sanda. Mmeshapatana makaburini. Baraza halifukui."

"Na karatasi hii?"

"Karatasi inasema unga mbaya. Haisemi kwamba hukusamehe."

"Mwanangu alikuwa uchi, Bwana Liwali! Inzi walikuwa mdomoni mwake!"

"Kesi imekwisha, bibi."

Watu wakatoka wakinong'ona. Na watu wanaponong'ona hukumbuka la mwisho tu: Somoe kashindwa. Kwa hiyo ule muhogo wa kung'oa ukawa kweli. Theonest alimwandikia rufaa kwa Bwana Shauri Mzungu, mkubwa wa wilaya, kwa hati nzuri, bila kumtoza kitu. Miezi mitano ikapita. Jibu likaja mistari mitatu: mambo ya mila Liwali anayajua zaidi.

Hija akarudi vita vilipokwisha, kakonda, ana kikohozi. Habari alishazipata bandarini kabla hajafika kwake. Hakupiga kelele. Aliuliza mawili tu.

"Uling'oa muhogo wa watu?"

"Sikung'oa."

"Sanda ya Kondo ulipokea?"

"Nilipokea."

Alikaa miezi minane, akahamia Boko, akaoa huko. Somoe hakumfuata. Mwanamume anayeuliza bandarini kwanza, wa nini?

Nguo ziliporudi madukani, Somoe alikuwa na mikeka ya miaka miwili imekunjwa ndani. Akaiuza yote. Akanunua bafta, ya aina ileile, yadi nne. Siku ya Ijumaa, watu wanatoka kusali, akaingia dukani kwa Kondo na bafta kwapani, akaiweka juu ya mizani.

Kondo akaitazama. "Nini hii?"

"Nguo yako."

"Nguo gani? Mie sikukuazima nguo."

"Ulinipa sanda, imenifungia kesi. Basi chukua yadi zako, zihesabu kama hazijatimia. Jabu nimemvua."

Mlangoni mtu mmoja akasema astaghfirullahi. Mke wa Kondo akajifunika uso. Kondo akaita, "Iondoeni hii!" na hakuna aliyesogea. Nani ataigusa sanda iliyotajiwa maiti? Somoe akatoka moja kwa moja mpaka kwa Liwali, kumwambia kwamba sanda imerudi, kwa hiyo msamaha umerudi, baraza lifunguliwe. Karani wa pale akamcheka. Akamwambia kesi ya mwaka wa arobaini na tatu ililiwa na mchwa. Akarudi nyumbani, akaanza mkeka mwingine.

Bafta ile ikabaki juu ya mizani. Kondo aliogopa kuigusa kuliko wote. Akanunua mizani nyingine, akaiweka pembeni. Kila mgeni anayeingia anauliza, hii nguo mbona imekaa hapa? Na kila akiuliza, kuna mtu mlangoni wa kumjibu. Mwaka baada ya mwaka, mpaka bafta ikawa rangi ya chai.

Mwaka wa hamsini na mbili Kondo akavimba tumbo. Hospitali wakamrudisha nyumbani, na kila mtu akajua maana yake. Mtu wa hivyo huomba radhi kwa aliowakosea, mlango kwa mlango. Kwa Somoe akamtuma mke wake.

"Dada, anakuita. Kwa ajili ya Mungu."

"Kuna watu?"

"Wako. Imamu yuko, na wazee wa mtaa, na wanawake."

"Basi nakuja. Mwiteni na Mwamvita."

Ilikuwa alasiri. Chumba kinanuka dawa na jasho. Kondo kalala, tumbo limepanda chini ya shuka, macho yamekuwa makubwa. Alimtafuta Somoe kwa macho mpaka akamwona.

"Somoe, nisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Unajua."

"Mie najua. Hawa hawajui. Walishaambiwa kwamba niling'oa muhogo wa watu. Waambie wewe."

Imamu akasema, "Bibi, mgonjwa anachoka."

"Na mie nimechoka, sheikh. Miaka tisa."

Kondo akafumba macho. Watu wakadhani kalala. Kisha akasema, polepole, neno moja moja, kama anayepanda ngazi: "Muhogo ulikuwa wangu. Sikuuloweka. Unga wangu ndio uliomuua Jabu. Na ya kung'oa nilitunga mie."

Mke wake akaanza kulia. Somoe akageuka, akawatazama wote, mmoja mmoja, mpaka wale waliohamisha vikapu.

"Mmesikia?"

"Tumesikia," wakasema.

"Mwamvita, umesikia?"

"Nimesikia, mwenzangu."

Somoe akajifunga kanga yake vizuri, akashika njia ya mlango. Kondo akanyanyua mkono kutoka kitandani.

"Na msamaha, Somoe? Nimeshasema."

Akasimama pale kizingitini. Hakupandisha sauti.

"Msamaha ulikuwa ndani ya sanda. Liwali mwenyewe alisema. Na sanda nilikurudishia. Iko dukani kwako."

Imamu akamwita, akamwita tena. Yeye alikuwa keshafika uani. Nyumbani akatia kuni jikoni, akabandika mchele kidogo aliokuwa nao, akala peke yake. Kondo alikata roho siku ya tatu. Somoe hakwenda mazikoni. Alipeleka mkeka, kwa sababu waliuagiza, na akasimama mlangoni mpaka walipoulipia.