Kumfuata Mjomba Kariakoo, Bibi Kashika Mkoba

Niliondoka Buguruni asubuhi kwa sababu bibi alikuwa anakata roho na roho haikatiki. Bibi alikuwa mganga tangu Lindi. Kwetu mganga hafi vizuri mpaka mtu wa ukoo aupokee mkoba wake wa dawa kutoka mkononi mwake mwenyewe, na yeye alimtaka mjomba Hamisi. Mjomba simu hapokei. Mama akaniambia, "Kamlete, hata kwa kumburuta."

Ilala foleni ilisimama, nikashuka kwenye bajaji nikatembea. Mtaa wa Msimbazi nilipita napiga watu vikumbo. Mmoja akanipigia kelele, "We vipi, unawahi kuzikwa?" Nikaongeza mwendo.

Kariakoo nilimkuta mjomba kwenye fremu yake ya makava ya simu, anataniana na wateja.

"Shikamoo mjomba. Bibi anakuita akukabidhi mkoba."

"Marahaba. Mwambie mimi siyo shamani."

Hilo neno alilisikia kwa mzungu aliyekuja kumpiga bibi picha. Akalitafuta mtandaoni, na tangu hapo haachi kutuelezea. Linatoka kwa Waevenki, watu wa Siberia kwenye barafu. Warusi wakalibeba, likafika Ulaya, sasa linabandikwa kila mganga duniani. Wengine wanasema maana yake ni mtu anayejua, wengine wanabisha.

"Sasa mimi najua nini?" akasema. "Nikiupokea, watu wataniletea watoto wao. Mtoto akinifia je?"

Hapo utani ulikuwa umeisha.

"Mjomba, bibi anateseka. Twende basi!"

Akafunga fremu.

Njia ya kurudi alikuwa anaongea tu. Eti shamani wa huko Siberia anapiga ngoma, roho yake inasafiri kumtafutia mgonjwa dawa.

"Bibi yako anasafiri wapi? Si anachemsha mizizi tu?"

"Tembea, mjomba."

Buguruni tulisikia kilio kabla hatujaingia uani. Bibi alikuwa amekufa, vidole vimeng'ang'ania ukanda wa mkoba. Mama alisema neno moja tu: "Mmechelewa." Waoshaji walitaka mkoba uondolewe. Hakuna aliyeugusa. Mjomba alibaki mlangoni, viatu mkononi.

Ndipo mwanamke mmoja akaingia, mtoto mgongoni, kichwa kimelegea.

"Hodi jamani. Mganga yupo?"

Nikamwambia akimbie hospitali.

"Tumetoka huko, mwanangu."

Nikamwangalia mjomba. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nilichojifunza safari hii ni kwamba mtu akibisha hodi na mtoto wake mgongoni haulizi neno limetoka nchi gani. Anauliza yupo au hayupo.

"Hayupo, mama," nikamwambia.